Mlango wa Balagizi

Jumanne, 10 Septemba 2002

Kitu kingine kimevuka daraja la mpakani. Tangu isemwe kwamba askari wetu watatoka Kongo, kila siku kuna kinachovuka: magodoro, mbuzi, friji isiyo na mlango. Leo kompyuta. Imekuja kichwani kwa mwanamke, imefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa. Kasha tu, bila ekrani, kile kioo chake. Watu wa duane, wale wa forodha, walitaka kujua ina nini ndani. Akawajibu: bwana yangu. Wakacheka, wakampitisha.

Na mimi nilicheka aliponisimulia.

Anaitwa Nzigire. Ni wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, anauza sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, hapa soko la Kamembe. Nimenunua kwake miaka yote hii bila kujua jina. Amesikia kwamba karakana yangu si ya redio tu siku hizi.

"Papa Sultani, banasema weye njo munganga wa mashini."

Nikamwambia mimi ni fundi redio, mashini zilinikuta njiani tu.

"Haiwake. Umeme ya kwetu ilikuya na nguvu, ikatoa moshi. Utengeneze iwake. Basi."

Alipofika mlangoni akageuka, akasema tena: iwake, basi. Watu wa Bukavu hawana imani na mtu.

Alhamisi, 12 Septemba

Iliyokufa ni alimantasyo — kile kisanduku cha nyuma kinachopokea umeme na kuugawa ndani. Nimeweka kingine, nilichotoa kwenye mashini iliyojifia mwaka jana. Ikawaka. Lakini kwanza ekrani ikabaki nyeusi, maneno mawili tu pembeni. LILO, halafu boot na nukta mbili, na kistari kinapepesa kama kinasubiri nijibu. LILO ni nani? Kabla sijapata miwani yangu ikachoka kusubiri, ikaondoka yenyewe, Windows ikaja na mawingu yake.

Virusi, nikasema. Virusi vya Kongo, tena vina jina.

Hapa Kamembe fundi harudishi mashini bila kuisafisha. Ndiyo desturi yetu. Umeileta kwa ajili ya waya, unarudishiwa na Windows mpya — kama fundi cherehani anavyopiga pasi shati zima ulilomletea kwa ajili ya kifungo. Ni bure, ni heshima ya karakana. CD yenyewe ni moja, inazunguka kwa mafundi wote, ina mikwaruzo kama miguu ya mchunga mbuzi. Leo ilikuwa kwangu.

Nikaingia kwenye FDISK, ile programu inayoonyesha disiki imegawanywa vyumba vingapi. Viwili! Cha kwanza cha Windows. Cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, kimeandikwa Non-DOS tu. Kama kumwita mtu Si-wa-hapa, ukadhani umemtaja jina. Nikachagua kukifuta. Ikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Kidole kiko juu ya kitufe — umeme ukakatika. Kamembe nzima. Nimetukana umeme na aliyeuvumbua.

Uliporudi nilikuwa na haraka ya sala. Nikakiacha chumba kile kilivyo, nikaweka Windows upya juu ya ile ya zamani. LILO hayupo tena. Inawaka moja kwa moja. Nimepitisha hata brashi kwenye vumbi.

Kazi nzuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Kazi mbaya.

Nzigire amekuja na binti yake Jolie. Miaka kumi na tano hivi, mrefu, hasemi. Nimewasha ekrani yangu ili waone. Jolie hakuangalia ekrani. Aliweka vidole kwenye herufi za klavye kabla hata mashini haijaanza kunguruma, kama anayetaka kupiga kinanda. Mawingu yakaja. Akatoa vidole. Akazima, akawasha. Mawingu. Akazima tena, akawasha tena, vidole vyake tayari.

"Maman," akasema, "papa haiko."

Nilidhani anasema juu ya mtu. Nikageuka kuangalia mlangoni!

Nzigire hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikaa kwenye ndoo yangu ya betri, akanieleza polepole, kama unavyomweleza kiziwi. Bwana wake, Balagizi, alikuwa mwalimu wa hesabu. Mzungu mmoja alimwachia hii mashini na CD za sisteme nyingine inayoitwa Linux. Balagizi akaweka zote mbili: Windows kwa ajili ya watu wa nyumbani, Linux kwa ajili yake. Ukiwasha, kuna muda mfupi wa kuandika neno. Ukiandika neno, unaingia kwake. Usipoandika, Windows inakuja. Na kule kwake, kwa kipaza sauti kidogo, alikuwa anarekodi masomo ya Jolie. Sehemu, desimali, kanuni ya uwiano. Mwaka 2000, mwezi wa nane, alipanda njia ya Shabunda kutafuta mishahara ya walimu wenzake. Hajarudi.

"Kila siku ya Mungu tunamusikilizaka," Nzigire alisema. "Hatuna hata foto yenye anacheka. Tuko na sauti tu. Nilikuambia iwake. Nilikuambia basi."

Niliuliza neno lenyewe ni lipi. Jolie akasema: jolie.

Nikawaambia nitaitafuta ile sauti. Sikusema nitaipata wapi. Nzigire akasema shemeki wake Ladislas, mdogo wa Balagizi, ameshatangaza kilio, matanga ya kaka yake. Jumamosi tarehe tano ya mwezi wa kumi. Watanyolewa, watakula, itakuwa imekwisha. Yeye amekataa. Anamzika nani? Wanataka azike nguo? Kama sauti nayo haipo, hana tena cha kuwaonyesha wakimwambia amekufa.

Wameacha mashini. Jolie alitoka wa mwisho. Aliigusa juu, pale kwenye vumbi nililolifuta.

Jumapili, 15 Septemba

Nimemweleza mke wangu. Mama Mucyo alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa.

"Redio ikiharibika, mwenye kusema yuko Kigali, hana habari," akasema. "Hii, mwenye kusema alikuwa ndani."



Lakini baadaye akaongeza kitu kingine, na ndicho kinachonisumbua. Kaka yake alipotea tisini na nne. Miaka mitano mke wangu aliweka sahani ya kaka huyo pembeni kila jioni, mimi nikijua, sisemi. Halafu wakachimba kutafuta miili upande wa Bweyeye, wakampa sweta la kaka yake. "Nilipoleta sweta hapa, nililia mpaka nikaugua. Lakini tangu siku ile napika chakula cha watu walio hai."

Sikumuuliza anataka nifanye nini na mashini. Angenijibu.

Jumatatu, 16 Septemba

Bugarama. Nimeshuka na lori la vinu vya mchele, disiki nimeifunga kwenye taulo, nimeipakata. Joto la kule linakungoja chini ya mlima kama mdai. Nimemfuata Patricie, anayetunza kompyuta za mradi wa mchele. Amesoma chuo kikuu, Butare. Mafundi wa Kamembe tunamwogopa kidogo, kwa sababu anauliza "kwa nini" na anasubiri jibu.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye FDISK alifunika uso kwa mikono.

"Mzee Sultani! Ulichagua kufuta?"

"Nilichagua."

"Na ukakubali?"

"Umeme ulikatika."

"Basi uwape shukrani watu wa umeme."

"Nimeshawatukana."

"Uwafuate ukawaombe msamaha, mmoja mmoja."

Akaifunga disiki kwenye mashini yake mwenyewe, vumbi la mpunga likielea kwenye mwanga wa dirisha, kelele ya kinu ukutani. Nilikuwa siangalii. Niliangalia mjusi. Akaniita. Chumba cha pili kipo. Hakijaguswa. Mafaili yote yamo, hata majina yake: somo, somo, somo. LILO si virusi — ni bawabu. Anakaa mwanzoni kabisa mwa disiki na kuuliza unaenda kwa nani. Windows ikiwekwa upya haiulizi kama kuna bawabu. Inamfukuza, inakaa pale yenyewe.

"Hukuvunja nyumba," Patricie akasema. "Umefukuza bawabu tu. Mwenye nyumba yuko ndani, hana wa kumfungulia."

Nilitaka kumkumbatia. Ni mke wa watu, nimekunywa maji.

Akaniuliza kwa nini nilisafisha mashini ambayo haikuombewa usafi. Nikasema ni desturi. Akasema kwa nini. Akasubiri. Nikaifunga disiki kwenye taulo tena.

Kumrudisha bawabu kunahitaji CD ya Linux, na yake iko Butare kwa dada yake. Ataipata wikiendi, Jumatatu ijayo atapanda Kamembe.

Jumanne, 17 Septemba

Nimempa Nzigire habari sokoni, katikati ya wanunuzi. Alinipimia sambaza, akajaza kikombe mpaka zikamwagika, akakataa kupokea hela. Nimezila. Sikupaswa kuzila.

Ijumaa, 20 Septemba

Askari wanarudi. Baada ya sala tulisimama barabarani kuwaona. Malori, vumbi, vijana wenye sura za wazee, wamekalia mifuko yao. Wanafunzi wametolewa madarasani na vibendera. Mwanamke mmoja karibu yangu alikuwa anaangalia kila lori, kila uso, mpaka la mwisho. Halafu akakunja kanga yake vizuri na kwenda zake.

Nilipofungua karakana, mtu alikuwa ananingoja. Suti ya kahawia, viatu vimepakwa rangi na kuvuka matope vilevile. Akajitambulisha: Ladislas, mdogo wa Balagizi. Katekista. Nilijiandaa kumchukia, maana nilikuwa nimemsikia kwa upande mmoja tu. Akakaa kwenye ileile ndoo.

"Papa Sultani, banasema mashini itapona."

"Inshallah."

"Minakuomba isipone."

Nikazima redio.

Alitoa mfuko wa plastiki kwenye koti. Ndani, mkanda. Wa ngozi, mweusi, umechakaa. Kifungio chake kilikuwa kimevunjika, kikafungwa na waya wa shaba.

"Ule waya, miye njo niliufunga. Nyumbani, mbele asafiri. Kwa mwezi wa sita muntu mumoja wa Shabunda aliniletea. Balimuzika beye wenyewe, kando ya njia, na balimu wengine babili. Alinionyesha na ku ramani. Niko na jina ya kijiji."

"Na shemeki wako hajui?"

"Nilienda kwake mara tatu na hii mufuko. Mara ya kwanza nilikuta banasikiliza. Jolie alikuwa anaandika mu daftari, kaka yangu anamufundisha divizio. Miye nikakaa. Nikasikiliza na miye. Nikarudia nyumbani na mukanda yangu." Akafuta uso. "Ile mashini inamunyima kufa. Unaelewa? Anaingia mule ndani kila siku, anamukuta bwana yake, anatoka anasema: ukinionyesha maiti nitaamini. Sasa vile ilikufa peke yake, nikasema Mungu amenisaidia. Umuambie tu ilikataa. Kilio ipite. Nikisha kumupa mukanda mbele ya batu, utamurudishia sauti. Hata kesho yake."

Nikamwambia nitaona. Neno la woga, lakini limeniokoa mara nyingi katika maisha haya.

Akafunga mkanda wake kwenye plastiki, taratibu, akikunja kila pembe. Alipotoka nikagundua kwamba sasa mimi pia najua. Nimeachiwa siri kama mtu anavyokuachia mzigo wake uushike kidogo, anaenda kujisaidia, harudi.

Jumamosi, 21 Septemba

Sikumwambia Mama Mucyo. Amenitazama mara moja tu, akaniuliza ni nani aliyekufa.

Jumatatu, 23 Septemba

Patricie amekuja na CD na disketi, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Nzigire na Jolie walikuwa wameshafika kabla yangu, wamekaa kwenye kizingiti. Ningetaka kusema ilikataa, ningesemea wapi? Mbele ya Patricie? Angeuliza kwa nini.

Ukweli ni huu: sikutaka kusema hivyo.

Kazi yenyewe ni ndogo, inaudhi. Unawasha kwa disketi, unaiambia twende moja kwa moja kwenye chumba cha pili. Lakini hapo mwanzoni klavye bado haijui Kifaransa. Unabonyeza A inaandika Q, na mkwaju, kile kistari kilichoinama, umejificha mahali ambapo hata Patricie aliutafuta huku akinong'ona maneno ambayo hawafundishi Butare. Ndipo akacheka peke yake. Alikuwa ameelewa jambo: jolie ni herufi ambazo hazihami. Kifaransa au Kiingereza, zinakaa palepale. Windows ina W, inahama. Ndiyo maana Balagizi aliiacha ije yenyewe bila kuandikwa.

"Huyu mwalimu alifikiri," Patricie akasema.

"Anafikiria," Jolie akasema. Neno lake la kwanza leo.

Mistari ikaanza kushuka kwenye ekrani, mingi, mbio, kama mtu anayesoma dua aliyoizoea. Patricie akaandika amri ya mwisho na kuniachia nibonyeze mimi. Nilibonyeza. Ikajibu: Added jolie. Added windows, na kinyota. Kinyota ndicho kinachochaguliwa mtu asipochagua. Bawabu amerudi kazini.

Tukazima, tukawasha. Jolie akaandika neno lake.

Patricie alikuwa ameniambia twende nje, tuwaachie. Tulifika mlangoni tu. Sauti ya mwanaume ikatoka kwenye spika yangu ya redio, ya chini, yenye subira. Nilidhani nitasikia jambo kubwa. Alikuwa anagawanya mia moja arobaini na nne kwa kumi na mbili.

"Unashusha ine, Jolie. Usikimbie. Unashusha ine."

Halafu nyuma yake, mbali, kama kutoka chumba kingine, sauti ya mwanamke: chakula inapoa! Ni Nzigire, wa miaka miwili iliyopita. Kiti kinasogea. Na mwanaume, karibu na kipaza sauti, akicheka kidogo:

"Nakuya."

Hapo faili linakwisha.

Nzigire alikuwa ameshika ncha ya meza yangu. Alinitazama, si kwa huzuni. Kwa ushahidi. Kama anayeniambia: umesikia mwenyewe.

Alhamisi, 26 Septemba

Nilimpendekezea kaseti. Mimi ni fundi redio, naweza kuitoa sauti yote mashinani na kuiweka kwenye kaseti mbili, atasikiliza popote, hata siku mashini itakapokufa kabisa. Amekataa palepale, mikono yake ina chumvi ya sambaza.

"Kaseti njo banapigaka ku kilio. Miye nataka kule kwake."

Kisha akaniomba kitu kingine. Hapo mwanzo, pale penye weusi, mashini inaharakisha. Siku nyingine Jolie anachelewa kidogo, mawingu yanakuja, lazima kuzima tena. Balagizi hakuwa mtu wa kuharakisha watu. Inawezekana mashini isichague peke yake? Ingoje mpaka mtu aseme?

Nikamwambia nitamuuliza Patricie.

"Papa Sultani," akasema, akiwa tayari anampimia mteja mwingine, "sasa baaskari banatoka, njia ya Shabunda itafunguka. Unaonaje? Benye walibakia kule batashuka?"

Nikamwambia umeme wa Bukavu si mzuri, atafute stabilizeta.

Nimeandika hayo hapa ili niyaone yalivyo.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimempigia Patricie kutoka kwenye kibanda cha simu. Ni mstari mmoja katika faili la bawabu, umeandikwa timeout. Unaweka alama ya reli, #, mbele yake, mstari unanyamaza. Bila mstari huo bawabu hangoji sekunde chache, anangoja tu. Hata mwaka.

Nimefanya. Nimezima, nimewasha. Ikachagua Windows vilevile! Nimetafuta kosa mpaka shingo ikauma, nikampigia tena. Akacheka: umebadilisha faili, lakini bawabu mwenyewe umemwambia? Kila ukibadilisha lazima uiite tena ile amri ya mwisho, vinginevyo anaendelea na maagizo ya zamani. Hajui kwamba mambo yamebadilika mpaka mtu amfuate amwambie.

Nikamuuliza: na kama hakuna wa kumwambia?

Akasema: Mzee, simu yako inakula hela.

Jumatano, 2 Oktoba

Ladislas amepita. Hakuingia, alisimama jua likimpiga. Ameshasikia kwamba imepona. Hakunilaumu, na hilo ni baya zaidi. Akasema Jumamosi wageni watakuja kutoka Walungu, ng'ombe ameshafungwa, lakini mjane asipokaa kwenye mkeka kilio kitakuwa harusi isiyo na bibi. Akaniuliza Nzigire anachukua mashini lini. Ijumaa, nikasema. Akashukuru.

Sikujua ananiuliza kwa nini. Nilijua.

Nyumbani nimemweleza Mama Mucyo, hatimaye. Mkanda, waya wa shaba, kijiji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja: huo waya, Nzigire anaufahamu? Nikasema ulifungwa nyumbani kwake, machoni pake. Akatikisa kichwa.

"Basi atajua kabla hajaambiwa. Mimi sweta nililijua kwa mshono wa kwapani. Niliushona mwenyewe." Na baadaye, akiwa ameshanipa mgongo: "Ijumaa usitengeneze kitu. Uwepo tu."

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimerudi kutoka msikitini nikawakuta. Nzigire na Jolie ndani, mashini iko mezani, kitenge cha kuifungia kimeshakunjuliwa. Nikaunganisha waya ili waone kwamba sasa inangoja. Kabla sijawasha, Ladislas akaingia. Suti ileile. Akasalimu kila mtu kwa jina, mimi pia. Akavuta ndoo, akakaa.

Nzigire akamwambia: shemeki, kama umekuya juu ya kesho, unajua jibu.

Akasema hakuja kwa ajili ya kesho. Alikuja kusikiliza. Wamwache asikilize kaka yake mara moja, hapa, na wao.

Hakuna aliyetegemea hilo. Hata mimi. Nzigire akasogeza kitenge ili shemeki wake apate nafasi ya kuona. Nikawasha. Mngurumo, halafu weusi, halafu lile neno, na nukta mbili, na kistari kinachopepesa. Jolie akaweka vidole.

Na Ladislas, kwa upole kabisa, kama anayeweka sadaka, akaweka mfuko wa plastiki mezani, kando ya klavye. Hakuufungua. Plastiki ni nyepesi, inaonyesha. Upande uliogeukia kwa Nzigire ni ule wa waya.

"Shemeki," akasema.

Mimi nimekaa nyuma ya kaunta na naandika. Wanadhani naandika risiti. Sijui mahali pengine pa kuweka mikono.

Nje muuza mandazi anapita. Barabarani lori jingine, watoto wanalishangilia. Nzigire hajaugusa mfuko. Ameinama kidogo tu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mkono wake umeinuka mpaka shingoni, umebaki hapo. Jolie hatazami mfuko, anamtazama mama yake. Vidole vyake viko juu ya herufi zilezile ambazo hazihami. Hajabonyeza.

"Maman," amesema. "Niandike?"



Umeme upo, kwa mara moja katika maisha yake upo. Kistari kinapepesa. Zamani, kwa muda huu wote, mashini ingekuwa imeshachagua yenyewe.